Choma bila nyama? Mjomba kaomba nyongeza!

HIVI wewe msomaji, ukialikwa mahali ukaambiwa leo kuna choma, ukafika ukakuta jiko limejaa ndizi, bilinganya na uyoga, na mbuzi hata harufu hakuna, utafanya nini? Sema ukweli wako. Wengi tungezuga tumesahau kitu nyumbani, halafu huyoo, mpaka baa ya jirani. Hata mimi nilikuwa wa aina hiyo. Pale Dar ukiagiza ndizi za kuchoma tupu bila mishikaki, mhudumu anakutazama juu mpaka chini, anajua umeishiwa na mshahara bado.

Basi Desemba iliyopita nikapanda basi kwenda kwetu Kagoma, Muleba. Siku hizi ni lami, Lusahunga, Biharamulo mpaka Kagoma, siyo zamani tulipokuwa tunafika na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Na Wahaya mnatujua: Krismasi usipoonekana nyumbani watu wanaanza kuuliza kama bado uko hai. (Ukionekana nako, lazima utoe Kiingereza kidogo wajue shule ilikuingia. Nshomile bwana, ugonjwa usio na dawa.)

Nilichokikuta nyumbani hakikunifurahisha. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye alikuwa bwana wa jiko la choma kwetu tangu mimi mtoto. Yeye anachinja, yeye anakata, yeye anapuliza mkaa, na yeye anaamua nani apewe mbavu na nani apewe shingo. Safari hii watu wanawasha moto, Mjomba hayupo. Saa moja jioni keshaaga, anasema amechoka, anakwenda kulala.

"Amechoka wapi," mama akaniambia. "Kaka yangu anajificha kama mtu mwenye deni."

Kumbe ni gauti. Ilimuanza usiku, kidole gumba cha mguu kikavimba kikawa chekundu, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Hospitali wakampima, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze nyama nyekundu, maini, figo, utumbo, na bia aiache kabisa. Mara mbili uzalendo ukamshinda, akala mbuzi na washkaji zake na kushushia bia. Mara mbili akakaa wiki nzima hawezi kuvaa kiatu. Ndipo akaona dawa ni kuukimbia moto wenyewe.

Nilipokaa naye niligundua kwamba kilichokuwa kinamuuma siyo ile nyama. Ni kukaa peke yake chumbani akisikia wenzake wanacheka nje. Nyama choma ni kikao. Pale ndipo mahari inapoongelewa, ndipo siasa inapochambuliwa, ndipo mtu anapokopeshwa. Ukimwondoa mzee pale umemwondoa kijijini.

Nikamwambia mama, tarehe 26 tunachoma hapa nyumbani, lakini jikoni hakipandi kitu chenye damu.

Mama akacheka. "Waitu, watatusema."

"Watuseme tu."

"Na senene?"

Hapo akanibana. Senene ni nyama au siyo nyama? Mwezi Novemba na Desemba ndio msimu wenyewe Bukoba na Muleba, na Mhaya ukimwambia senene ni marufuku ni sawa na kumtukana. Zamani hata wanawake walikuwa wanawakamata na kuwakaanga lakini kuwala hawaruhusiwi, kwa hiyo na miiko nayo tunayo ya kutosha. Tukakubaliana senene wabaki kwenye bakuli lao pembeni, wasiguse wavu. Na Mjomba asiwaguse.

Sasa kabla hujaniona nimedata, nikueleze kwa nini. Gauti inatokana na asidi ya yuriki inayozidi mwilini na kuganda kama vichembe vya chupa kwenye viungo. Asidi hiyo inatokana na vitu vinavyoitwa purini, ambavyo viko kwa wingi kwenye nyama, hasa za ndani, na baadhi ya samaki. Mjomba alikuwa ameanza kujiokoa na dagaa, akidhani amekwepa. Wapi! Dagaa wamo. Kilichonishangaza ni utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2004. Walifuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12, wakaona waliokula nyama na samaki kwa wingi ndio waliopata gauti zaidi, lakini waliokula mboga zenye purini, kama maharage na uyoga, hawakuonekana kupata zaidi. Na waliotumia maziwa na mtindi walipata kidogo kuliko wengine. Mwaka huohuo ikaonekana pia kwamba bia ni mbaya kuliko hata pombe kali. Mjomba nilipomsomea hapo kwenye bia alinyamaza muda mrefu sana.

Na wewe kijana usiye na gauti usicheke. Mafuta ya nyama yakidondokea mkaa yanatoa moshi wenye kemikali mbaya, moshi huohuo unarudi juu kuipaka nyama. Nyama yenyewe ikiungua kwenye moto mkali inatengeneza kemikali nyingine ambazo mboga hazitengenezi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliziweka nyama za kusindika, kama soseji, kwenye kundi la vinavyosababisha saratani mwaka 2015, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Sisemi uache. Nasema kila wikiendi kilo nzima, kuna siku utalipa bili.

Haya, turudi jikoni.

Mfalme wa jiko la Kagoma ni gonja, wenyewe tunaiita nkonjwa. Hii siyo ndizi ya kupika kama kitoke, wala siyo ya pombe. Hii kazi yake ni moto. Usiichukue ikiwa kijani, itakuwa ngumu kama mti. Subiri iwe ya njano na iwe imeanza madoa meusi. Menya, ipasue kidogo kwa urefu ili moto uingie, iweke juu ya wavu wakati mkaa umeshashika jivu jeupe na hakuna mwali. Hapa ndipo vijana wa mjini mnapoharibu: mnaweka kwenye moto unaowaka, nje inakuwa mkaa, ndani mbichi. Geuza, geuza tena, dakika 15 mpaka 20. Ikishakuwa rangi ya asali na kingo zimekakamaa, toa. Ikitokea sehemu imeungua nyeusi, kwangua utupe, maana tangu mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walipogundua kwamba vyakula vya wanga vikiunguzwa vinatengeneza kitu kinaitwa akrilamidi, hatuna sababu ya kula masizi. Mwenye kisukari asijichane gonja tatu. Moja inatosha, kwani ikiiva ina sukari nyingi.

Gonja siku hizi hazijazagaa kama tulipokuwa wadogo. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uliingia Kagera, na watu waling'oa migomba huku wanalia. Ugonjwa wenyewe unasafirishwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Mama yangu mpaka leo panga lake analipitisha motoni kabla ya kuingia shambani, na ua analivunja kwa mti wenye panda, halikati. Kwa hiyo ukinunua gonja iliyoiva njano kabla ya wakati, ukaikata ukakuta ndani ina rangi ya kutu, tupa.

Sasa, ndizi peke yake siyo mlo. Hapa ndipo wengi wanaojifanya wameacha nyama wanapokosea, wanakula wanga juu ya wanga, jioni njaa inawauma wanasema mboga hazishibishi. Lazima kuwe na maharage. Lakini maharage utayachomaje? Nikamuuliza mama, akaniangalia kama vile sikuzaliwa pale. "Si kuna majani?"

Tukayaloweka usiku kucha, asubuhi yakachemshwa mpaka yakalainika, maji yakamwagwa. Tukayaponda nusunusu, tukatia kitunguu, nyanya, pilipili hoho, tangawizi na karanga za kukaanga zilizotwangwa. Chumvi kidogo tu. Jani la mgomba unalipitisha kwanza juu ya moto mpaka linalegea na kung'aa, vinginevyo linapasuka. Unaondoa ule uti mgumu wa kati, unaweka maharage kiasi cha kiganja, unafunga kama kifurushi na kamba ya mgomba, unaweka juu ya wavu pembeni, pasipo na moto mkali. Robo saa upande huu, robo saa upande ule. Ukifungua, moshi wa jani umeingia mpaka ndani. Kamulia ndimu. Ndimu siyo ya mapambo, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Nimekula vitu vingi vya bei mbaya Masaki na Oysterbay, lakini kile kifurushi acha tu.

Bilinganya ni rahisi. Lichome zima na ganda lake, ulitoboe kwa uma lisije likapasuka, ligeuze mpaka ganda liwe jeusi na lenyewe limelegea kama mfuko. Menya ganda, ponda kilichobaki na kitunguu saumu, ndimu na nyanya iliyochomwa pia. Wahindi wanalipika hivyo siku nyingi, wala siyo ugunduzi wangu. Uyoga nilinunua ule wa kupandwa, tukaupaka mafuta kidogo na pilipili manga, dakika chache tu umeiva. Uyoga wa porini usiokuwa na uhakika nao uache hukohuko porini, kifo siyo msosi. Viazi vitamu tulivifukia kwenye jivu la moto na kuvisahau. Kachumbari ya parachichi mnaijua.

Kasheshe ilianza saa kumi na moja jioni. Wageni wakafika, marafiki wa Mjomba watano, na mmoja akachungulia jikoni akauliza nyama iko wapi. Nikamwambia haipo. Akauliza tena, nadhani alifikiri mimi nimesahau Kiswahili cha kwetu. "Kwa hiyo mmetuita kula ndizi? Ndizi si tunazo nyumbani?" Mama akamletea kiti, akampa kahawa ya kutafuna. Mgeni akishapewa kahawa hapa kwetu hawezi kuondoka haraka, ni dharau. Mama ana akili sana.

Mjomba alitoka chumbani kama saa kumi na mbili, pole pole, na ndala. Sikumwambia kitu. Nilimpa koleo tu. Akaangalia jiko, akaangalia gonja zangu, akatikisa kichwa. "Huu moto umeuweka vibaya, mwanangu. Mkaa mwingi katikati." Akaanza kuusambaza. Nikarudi nyuma kimya, nikakaa.

Halafu mvua ikashuka. Wanaoijua Bukoba wanajua mvua yake haibishi hodi. Watu wakanyanyua viti, na kijana mmoja akashika jiko anataka kuliingiza sebuleni, afunge mlango, tuendelee kuchomea ndani tukiota na moto. Mjomba na mama walipiga kelele pamoja. Jamani, hili nalisema bila utani: jiko la mkaa halingii ndani ya nyumba iliyofungwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Linatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, unasikia kichwa kizito, unasinzia, basi. Watu wamelala na jiko kwa sababu ya baridi na hawakuamka. Jiko likawekwa chini ya upenuo, kuta hakuna, upepo unapita, Mjomba akasimama nalo mwavuli mkononi.

Ikabidi wote wabanane pale upenuoni. Yule mzee wa "nyama iko wapi" alifungua kifurushi cha maharage kwa shingo upande, akaonja, akanyamaza, akaonja. Cha pili alijichukulia mwenyewe. Mtu mwingine akasema uyoga una ladha ya maini, Mjomba akamwambia usinikumbushe. Wakaanza kubishana kuhusu mpaka wa shamba la mtu fulani, nikajua mambo bomba, kikao kimerudi.

Vinywaji navyo ilibidi nifikirie. Bia hapana, na soda nazo tafiti za mwaka 2008 zilizihusisha na gauti kwa sababu ya sukari yake. Tulikuwa na mtindi, maji na kahawa ya kunywa. Na hapo Mjomba alifurahi kweli, maana nilimwambia mwaka 2007 watafiti waliona wanywaji wakubwa wa kahawa wanapata gauti kidogo kuliko wasiokunywa. Mtu ana kahawa shambani kwake tangu enzi za baba yake, leo anaambiwa ni rafiki wa mguu wake! Nilimwonya vidonge vya daktari asiache, kahawa siyo hospitali. Akasema amesikia.

Saa tatu usiku mvua ikakatika, wageni wakaaga. Mjomba alikuwa bado amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, sahani magotini. Nikamuuliza kama anataka nimsindikize akalale.

"Nikalale saa hizi?" akasema. "Hebu angalia kama kimebaki kifurushi kimoja. Na kesho nipelekee lile panga kwa mama yako, nataka kumwonyesha ile gonja ya kule bondeni, inakomaa mwezi wa pili."