Darasa la Mtandaoni: Tuchague Lipi?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini jembe lisilofaa shamba humchosha mkulima bure. Nasema hivi kwa sababu shuleni mwetu kuna mazungumzo ya kuchagua darasa la mtandaoni.

Darasa hili ni nini? Ni mfumo ambamo mwalimu huweka masomo, hutoa zoezi, hupokea majibu na kurudisha alama. Si sawa na kundi la WhatsApp, ambamo zoezi la Hisabati huzama chini ya salamu na vichekesho.

Haja yake tuliiona Machi 2020, korona ilipofunga shule zote nchini. Masomo yalikuja kwa redio na televisheni, lakini jamani, redio haikusikii ukiuliza swali!

Mifumo ni mingi. Nitataja mitatu tu.

Google Classroom ilianza mwaka 2014. Shule hailipi na matumizi yake ni rahisi, ila inataka bando.

Moodle ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Majirani zetu, Chuo Kikuu cha Maseno, huitumia. Programu yenyewe ni ya bure, lakini inahitaji seva na fundi wa kuitunza. Faida yake ni kwamba mwenye simu ya kisasa anaweza kupakua somo akiwa shuleni, akalisoma nyumbani bila intaneti.

Kolibri huwekwa katika kompyuta moja shuleni. Masomo yakishajazwa, vyombo vingine huunganishwa nayo kwa waifai ya hapo hapo, hata intaneti ikikatika. Ubaya wake, kama huna chombo chako chenye masomo hayo, ukitoka langoni umeliacha darasa nyuma.

Sasa tujitazame. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni mmoja anaenda Milimani kwenye waifai, mwingine Nyalenda, mwingine Dunga ufuoni. Kuna nyumba zenye simu moja tu, nayo ni ya mama, anayoitumia kuwapigia wateja wake wa omena. Wengine wana kabambe tu. Zoezi likitumwa saa mbili usiku na kudaiwa asubuhi, litapima bando, halitapima akili.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua tujiulize:

(a) Asiye na simu atasomaje? Je, chumba cha kompyuta kitabaki wazi baada ya masomo?

(b) Stima ikipotea, kazi zetu zitapotea nayo?

(c) Nani atatunza siri zetu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto.

(d) Mfumo ukifungwa, tutahamisha kazi zetu? Mwaka 2020 maputo ya Loon yalileta intaneti kutoka angani hadi eneo letu. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa.

Rai yangu ni hii: tuanze na Kolibri hapa shuleni, na kila zoezi lipewe siku tatu, si usiku mmoja. Moodle ifuate tukipata fundi.

Walimu wetu wapendwa, mtakapoketi kuamua, mwiteni pia mwanafunzi anayetumia kabambe. Mfumo ukimfaa yeye, utatufaa sote.