Atomu Hazikai Kando: Mitetemo ya Fuwele Katika Nyaya za Kwanta

Waya wa kwanta ni njia ya semikondakta yenye upana wa makumi machache ya nanomita, ambamo elektroni huweza kwenda mbele au kurudi nyuma lakini hazina nafasi ya kupishana. Kwa kuwa zote zina chaji hasi na husukumana, hakuna inayosogea peke yake: moja ikisukumwa, msukumo hupokezanwa kama katika foleni iliyobanana kichochoroni, na wimbi la chaji husafiri wayani. Wimbi hilo, liitwalo plazmoni, ni msisimko wa pamoja. Sin-Itiro Tomonaga mwaka 1950, na baadaye Joaquin Luttinger mwaka 1963, walionyesha kuwa katika mwelekeo mmoja mawimbi ya aina hiyo ndiyo yanayotawala mwenendo wa elektroni zenye nishati ndogo.

Hata hivyo, hesabu inayotazama elektroni pekee huisahau fuwele inayozibeba. Atomu zake hutetemeka daima, na kiasi kidogo kabisa cha nishati ya mtetemo wa namna fulani huitwa fononi. Katika fuwele ya galiamu na aseniki, atomu za galiamu zina chaji chanya kidogo na za aseniki chaji hasi kidogo. Hivyo hizi zinapokwenda mbele na zile kurudi nyuma, huzuka uga wa umeme unaozivuta na kuzisukuma elektroni. Fononi ya mtetemo huo ina nishati ya karibu milielektronivolti 36, ambayo ni sawa na mitetemo takribani trilioni 9 kwa sekunde.

Hapo ndipo waya unapotofautiana na kipande kinene cha fuwele hiyohiyo. Katika kipande kinene, plazmoni haiwezi kuwa na nishati iliyo chini ya kiwango kinachowekwa na wingi wa elektroni, ilhali katika waya nishati yake huanzia karibu na sifuri na kupanda kadiri wimbi linavyofupika, hadi ikaribie ile ya fononi. Zinapokaribiana, hazipitani bali huchanganyika, na huzaliwa misisimko miwili ambayo kila mmoja ni nusu mwendo wa elektroni na nusu mtetemo wa atomu: wa chini hukwama karibu na milielektronivolti 33, na wa juu huanzia 36 na kuendelea kupanda.

Mchanganyiko wa aina hii ulionekana katika kipande kinene mwaka 1966, pale Mooradian na Wright walipochunguza mwanga wa leza uliotawanywa na fuwele na kupima nishati uliyoiacha humo. Mwaka 1991, Goñi na wenzake walitumia mbinu hiyo kupima kupanda kwa nishati ya plazmoni katika nyaya za kwanta zenyewe.

Elektroni yenye nishati ya kutosha hutoa fononi ya mtetemo ulioelezwa hapo juu katika muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na kasi hiyo huamua jinsi leza na vifaa vingine vya semikondakta vinavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo, anayebuni kifaa cha nyaya hizi hana budi kuzihesabu atomu pamoja na elektroni tangu mwanzo, kwa kuwa wimbi analotaka kulitumia ni mali ya zote mbili.