Ukipata chuo kwa sababu ya mbio, darasa ndilo litakalokubakiza

Vijana wengi wanaokimbia au kucheza mpira, wakimbizi kwa wenyeji, huulizia ufadhili wa michezo katika vyuo vya nje. Njia ipo. Rose Nathike Lokonyen, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro, waliotokea kambi ya Kakuma na kukimbia katika timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, baadaye walipata nafasi katika chuo cha Sheridan nchini Canada. Lakini ukishafika, kasi peke yake haitoshi.

Chukua mfano wa Marekani, ambako michezo ya vyuo vingi husimamiwa na NCAA. Katika daraja la kwanza, wakati wa msimu mazoezi na mashindano hayapaswi kuzidi saa 20 kwa wiki, na upewe siku moja ya kupumzika. Usiziamini sana saa hizo. Siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa 3 hata ukishinda uwanjani kutwa, na safari ya basi haihesabiwi kabisa.

Sasa piga hesabu. Mwanafunzi wa muda wote huchukua angalau krediti 12, yaani takriban saa 12 darasani kwa wiki. Vyuo hutarajia ujisomee kama saa 2 kwa kila saa ya darasani: hizo ni 24. Ongeza 20 za michezo, unafika 56. Hujapika, hujafua, hujapiga simu nyumbani. Na kama Kiingereza ni lugha yako ya tatu, kusoma kutachukua muda zaidi.

Usipofaulu angalau krediti 6 katika muhula, unaweza kuzuiwa kushindana. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula, mwombe kocha tarehe za safari na kila mwalimu tarehe za mitihani, uziandike kwenye karatasi moja. Zikigongana, nenda kwa mwalimu mapema na barua ya idara ya michezo. Ukienda baada ya kukosa mtihani, umechelewa. Na usikubali kuchaguliwa kozi kwa sababu tu haigongani na mazoezi. Ukitaka uuguzi, uliza kuhusu ratiba ya mafunzo ya hospitalini kabla ya kukubali nafasi.

Uko bado sekondari? Daraja hilo la kwanza hutaka masomo ya msingi 16 na wastani usiopungua 2.3, na alama huhesabiwa tangu mwaka wa tisa wa shule. Kijana anayeacha shule ili afanye mazoezi kutwa anajifungia mlango. Tunza ripoti zako za kila muhula, na piga nakala.

Kupokelewa na chuo si viza. Hiyo huombwa peke yake. Huduma za UNHCR ni bure. Na mtu akikuahidi ufadhili wa michezo katika chuo cha daraja la tatu la NCAA, usimpe hata shilingi: vyuo vya daraja hilo havitoi ufadhili wa michezo.