Jamaa aliyeivuta plastiki pande mbili, na chupa 9 za bi mkubwa

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho naamini kipo hapo karibu na kibodi yako sasa hivi: chupa ya plastiki ya maji au soda.

Kilichonifanya niandike ni hasara. Bi mkubwa anauza juisi ya ubuyu na ukwaju. Siku moja tulichelewa kuamka, nikaona nisisubiri juisi ipoe. Nikaimimina ya moto kwenye chupa tulizokuwa tumeziosha vizuri kabisa. Jamani! Chupa zilijikunja mbele ya macho yangu, zikawa fupi, shingo zimelala upande kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Nikaendelea kumimina nikidhani ni chupa moja mbovu, kumbe wapi. Chupa 9. Bi mkubwa alinitazama tu bila kusema neno, heri angenipiga.

Swali likabaki kichwani: mbona hazikuyeyuka, zilirudi ndani? Kulitafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa jamaa anayeitwa Nathaniel Wyeth.

Huyu alizaliwa 1911 Chadds Ford, Pennsylvania, huko Marekani, kwenye familia ya wachoraji. Baba yake, N.C. Wyeth, ndiye aliyechora picha za toleo la 1911 la kile kitabu cha maharamia ambacho babu zetu walikisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa Chenye Hazina. Mdogo wake, Andrew, alikuja kuwa mchoraji maarufu kuliko hata baba. Yeye Nathaniel alipewa kwanza jina la baba, lakini wazazi walipoona mtoto akili yake yote ipo kwenye mashine wakalibadilisha, wakampa la baba yake mdogo aliyekuwa injinia. Mimi hapo nilicheka, maana kwetu ukiwa tofauti na ukoo unabadilishiwa shule, siyo jina.

Mwaka 1936 akaajiriwa na kampuni ya DuPont, akakaa huko karibu miaka 40. Haikuwa raha tupu: mwaka 1945 baba yake na mtoto wake mdogo wa kiume walikufa pamoja, gari lao lilipogongwa na treni. Akaendelea na kazi.

Sasa mwaka 1967 akajiuliza kitu ambacho leo kinaonekana cha kitoto. Kwa nini soda zote zipo kwenye chupa za vioo, plastiki ina shida gani? Wenzake kazini wakamwambia italipuka. Yeye hakubishana. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kufulia, akaijaza soda ya tangawizi, akaiweka kwenye friji akalala. Asubuhi chupa imevimba mpaka imebanwa kati ya shelfu, haitoki.

Usishangae. Ile gesi ndani ya soda ikiwa kwenye joto la kawaida inasukuma kwa nguvu kuliko upepo wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana ukiitikisa inakurukia.

Hapa ndipo utamu ulipo, nisikilizeni vizuri. Plastiki ni polima, yaani molekuli ndefu ndefu kama nyuzi, zimelala shaghalabaghala kama tambi kwenye sahani. DuPont walikuwa wanajua tangu enzi za naironi, iliyogunduliwa kwao mwaka 1935, kwamba ukiuvuta uzi wa plastiki zile molekuli zinajipanga kwa mstari na uzi unakuwa imara mara nyingi zaidi. Tatizo, unakuwa imara upande mmoja tu. Chukua ukindu mmoja: ukiuvuta kwa urefu haukatiki, ila ukiuchana kwa ukucha unapasuka wote. Lakini mkeka uliosukwa kwa ukindu huo huo, nyuzi zikipishana, hebu jaribu kuuchana! Wyeth akataka chupa yenye molekuli zilizopishana namna hiyo, zilizovutwa kwa urefu na kwa upana pia.

Majaribio yake mengi yalitoa takataka. Inasimuliwa kwamba bosi wake alionyeshwa kidude kimoja kibaya kisichoeleweka umbo, akauliza pesa zote zile ndiyo zimetoa hiki? Wyeth yeye alikuwa anafurahi kwamba angalau kina uwazi ndani. Alianza na plastiki ya aina nyingine, kisha akahamia kwenye PET. Siku ilipokubali, walifungua kalibu wakadhani ni tupu, kumbe chupa imo ndani, inang'aa kama kioo. Hataza ya Marekani ilitoka Mei 1973, kwa jina lake na la mwenzake Ronald Roseveare, ila mwenye mali ni kampuni.

PET yenyewe hakuivumbua yeye. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, kwa ajili ya nguo. Na hapa niliacha mdomo wazi: ndiyo ile ile tetroni ya kaptula za shule! Chupa yako na kaptula yako ya darasa la nne ni ndugu wa damu.

Turudi kwa bi mkubwa. Kiwandani chupa huanza kama kibomba kifupi kinene chenye shingo tayari. Kinapashwa moto, fimbo inakisukuma kwa urefu, upepo unakipuliza kwa upana, halafu kinapozwa haraka. Molekuli zinabaki zimenyooshwa lakini hazijasahau. Joto likifika nyuzi 70 au 80 hivi zinalegea na kurudi zilikotoka. Kuyeyuka hasa kunataka nyuzi 250 kwenda juu. Kwa hiyo sikuziyeyusha zile chupa, nilizifungulia tu zikarudi nyuma. Kuna chupa za PET zinazohimili juisi ya moto, ila hizo zimetengenezwa makusudi. Hizi za maji, hapana.

Jambo moja linaniudhi. Ugumu huu aliouhangaikia ndio unaozifanya zijae mitaroni, maana haziozi. Wyeth alifariki 1990, akaacha kitu kinachokaa kuliko yeye. Lakini PET inayeyushwa upya na kuvutwa tena kuwa nyuzi za nguo na mazulia. Jirani yetu anaokota na kuuza kwa kilo, na nilikuwa najiuliza kwa nini anahangaika kung'oa vifuniko. Jaribu mwenyewe: kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko, tumbukiza kwenye kikombe cha maji. Cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, ukizichanganya unaharibu mzigo wa watu.

Siku hizi juisi yetu inapoa kwanza kwenye ndoo yenye mfuniko. Zile 9 jirani alizikataa mwanzoni akidhani zimeungua, nikamweleza, akazichukua. Mwenye swali au anayeuza juisi kama sisi, aandike hapo chini.