Kichekesho Kisichohitaji Mkalimani

Je, wajua kwamba moja ya filamu za kwanza kabisa za kuchekesha haifiki hata dakika moja, wala haina neno hata moja? Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliitengeneza mwaka 1895. Mtunza bustani anamwagilia mimea kwa mpira. Kijana mtundu ananyatia nyuma yake na kuukanyaga, maji yanakatika. Mtunza bustani anauinua mpira na kuchungulia mdomo wake. Kijana anaondoa mguu. Kinachofuata hata mtoto wa darasa la kwanza anakijua kabla hakijatokea, na ndiyo maana anacheka mara mbili: anapokingoja na kinapomfika mzee wa watu usoni.

Mkulima wa mboga anayevuta maji kwa pampu kando ya Mto Lumemo, pale Ifakara, hahitaji kufafanuliwa kitu hapo. Naitaja Ifakara makusudi. Bonde la Kilombero, ulipo mji huo, limekusanya Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na watu wa kila mkoa waliofuata mpunga, miwa na reli. Filamu isiyo na maneno haimbagui yeyote kati yao.

Siri ya vichekesho vya filamu bubu ilikuwa kwenye mkono wa mpiga picha. Kamera nyingi za zama zile hazikuwa na mota. Aliyezishika alizungusha mpini kwa mkono, na kwa kawaida zilinasa picha kama 16 kwa sekunde. Kwenye vichekesho, mpiga picha alipunguza mwendo kusudi, akanasa picha chache zaidi. Filamu ilipoonyeshwa kwa kasi ya kawaida, mtu aliyekuwa akitembea akaonekana anakwenda mbio, na aliyeanguka akafika chini kabla hajajua kinachomwangusha. Macho yetu yanaucheka mwili unaokwenda kasi kuliko akili ya mwenye mwili.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Inatakiwa hatari ya kweli, na hapa hakuna anayemshinda Buster Keaton wa Marekani. Mwaka 1920 alitoa filamu fupi iitwayo One Week. Bwana na bibi harusi wanapewa nyumba ya vipande, ya kuunganisha wenyewe. Hasidi anabadilisha namba za masanduku, na nyumba inatoka imepinda kila upande. Dhoruba inaizungusha kama pia. Nyumba ilijengwa kweli juu ya jukwaa linalozunguka. Mwishowe wanaikokota kuihamisha, nayo inakwama katikati ya reli. Treni inakuja. Wanafumba macho. Treni inapita kwenye reli ya pembeni, bila kuigusa nyumba hata kidogo. Wanashusha pumzi, na sekunde hiyohiyo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha. Nyumba ilikuwa halisi na treni ilikuwa halisi. Kwa watu wa Ifakara, wanaokaa na TAZARA tangu miaka ya 1970, sidhani kama kuna kichekesho kilichoandaliwa kwa uangalifu zaidi ya hicho.

Huku kwetu filamu bubu zina historia ambayo ni wachache wanaoikumbuka. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza L. A. Notcutt aliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Kamera zake hazikunasa sauti. Maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, zikapigwa sambamba na picha, na lori likazungusha maonyesho Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Filamu mojawapo ilipigwa Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro. Nyingi kati ya zile filamu zimepotea. Ya Kingolwira ni miongoni mwa chache zilizosalia.

Wataalamu wa kikoloni wa sinema, William Sellers akiwa mstari wa mbele, walishikilia kwamba mtu wa kijijini hawezi kufuata filamu ya haraka, apewe picha za polepole na hadithi nyepesi. Naona hilo lilikuwa dharau, na Charlie Chaplin analithibitisha. Filamu zake zina kasi ya ajabu, na watazamaji wa Afrika walizipenda mno. Waliochoshwa walichoshwa na mahubiri ya filamu za wakoloni.

Miaka ya mwanzo ya 1950 Tanganyika ikapata kichekesho chake, Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baadaye mchekeshaji King Majuto alituvunja mbavu kwa miaka mingi, na mara nyingi uso wake ulikuwa umeshamaliza kazi kabla hajafungua mdomo.

Leo kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, filamu za kigeni huhitaji mtu wa kutafsiri, na wako mafundi wa kazi hiyo, marehemu Lufufu akiwa mwamba wao. Hata hivyo ningependa vijana wa Ifakara wajaribu kutengeneza za kwao zisizo na neno. Simu inatosha. Chagueni jambo moja ambalo mtazamaji ataliona likija: baiskeli iliyopakia magunia ya mpunga, tope la masika, kuku asiyetaka kukamatwa. Simamisheni simu mbali kidogo ili mwili mzima uonekane, toka kichwani hadi miguuni, maana kichekesho kikikatwa miguu kinakufa. Mkimaliza, ongezeni kasi ya picha kwa theluthi moja, zimeni sauti, kisha mwonyesheni bibi asiyejua Kiswahili.