Huduma Zinazolala Ndani ya Simu

Huduma nyingi za mtandaoni hufa bila kujulikana, na mara nyingi si kwa kukosa matangazo. Ndani ya menyu ya simu ya kawaida, Nairobi au Dar es Salaam, mna njia ya kuomba kurejeshewa pesa zilizotumwa kimakosa, kuweka akiba, kupata taarifa ya miamala iliyopita, hata kulipia maji na ada ya shule. Mwenye simu hutumia mbili tatu: hutuma, hutoa, hununua muda wa maongezi. Nyingine huzipita kila siku bila kuzifungua. Kampuni nayo, ikiona wateja hawaongezeki, huagiza bango jingine la barabarani.

Historia ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ina somo lenye manufaa kuliko bango. Jaribio lake la kwanza, mwaka 2005, halikuwa la kutumiana pesa. Lilikusudiwa kuwawezesha wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya, kulipa marejesho yao kwa simu. Watu wa jaribio wakaipeleka huduma wanakotaka wao: wakatumiana pesa na jamaa na kulipana madeni. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma hiyo Kenya Machi 2007, iliweka marejesho ya mikopo kando na kutangaza jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Kwa mfanyakazi wa mjini aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya pesa aifikishe kijijini, maneno hayo yalitosha. Huduma kumi zilizotangazwa pamoja huchanganya. Moja inayojibu shida iliyopo hujieleza yenyewe, na zile tisa zinaweza kufuata baadaye. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo, ilikuja Novemba 2012, wakati wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kuikabidhi simu pesa zao.

Lakini kauli nzuri haitoshi. Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008 na ikaenda polepole mno ikilinganishwa na jirani. Miezi 14 baada ya uzinduzi, Kenya ilikuwa na wateja wapatao milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000. Tanzania, katika kipindi kama hicho, wateja wapatao 280,000 na mawakala karibu 1,000 waliotapakaa katika nchi kubwa zaidi. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ikiwa kwamba Safaricom ilishika sehemu kubwa zaidi ya soko la simu Kenya kuliko Vodacom Tanzania. Hata hivyo suala la mawakala halikwepeki. Redio humfanya mtu asikie kuna huduma. Wakala ndiye anayeshika simu ya mteja na kumwonyesha abonyeze wapi, kisha akamsubiri mpaka ujumbe wa kuthibitisha uingie.

Hapo ndipo kampuni nyingi hujikwaa. Wakala hulipwa kamisheni kwa pesa inayowekwa na inayotolewa. Akimfundisha mteja kulipa dukani moja kwa moja kwa simu, au kuacha pesa kwenye akiba, anajipunguzia riziki kwa mkono wake. Kumtarajia afanye hivyo bure ni kujidanganya. Huduma isiyojulikana ikitaka kupita kwenye kibanda cha wakala, nayo iwe na kamisheni yake, ilipwe pale mteja anapoitumia mara ya pili au ya tatu, si siku ya kujisajili tu. Malipo ya usajili pekee huzaa orodha ndefu ya namba zisizofanya lolote.

Kundi jingine husahaulika kabisa: wenye duka la stationery Tanzania na wenye sayba, yaani vibanda vya intaneti, Kenya. Huko ndiko kijana huomba mkopo wa elimu ya juu, mfanyabiashara hupata namba ya mlipa kodi, na mzee husaidiwa fomu ya serikali ambayo haikubali kufunguka kwenye simu yake. Watu hawa wanajua kwa hakika ni ukurasa gani unaokwamisha wateja na ni neno gani hawalielewi. Ni nadra kampuni kuwauliza. Kwa gharama ya semina ya siku moja katika hoteli, ingeweza kuwapa mafunzo wenye maduka wa wilaya nzima.

Wakati wa kuitaja huduma una uzito kuliko ukubwa wa tangazo. Fuliza, huduma ya M-Pesa iliyoanzishwa Kenya Januari 2019, imejengwa juu ya dakika moja mahususi: mteja aliyejiunga analipa, salio halitoshi, na papo hapo anaulizwa kama anataka kiasi kilichopungua kijazwe kwa mkopo. Hakuna bango linaloweza kushindana na dakika hiyo. Ndiyo pia hatari yake, maana mtu aliyesimama mbele ya muuzaji hasomi masharti, na ada ya mkopo huendelea kuhesabika kila siku. Mfano safi zaidi ni Hakikisha ya M-Pesa, inayoonyesha jina la anayepokea pesa na kumpa mtumaji sekunde chache za kusitisha. Imewekwa katikati ya njia ambayo mteja anapita tayari, kwa hiyo haihitaji kutafutwa. Kanuni hiyohiyo ingefaa huduma nyingine: anayekosea namba aelezwe dakika hiyohiyo jinsi ya kuomba pesa irudishwe, na anayelipa ada ya shule kila muhula aonyeshwe njia ya kuiwekea akiba.

Kulazimisha ni jambo jingine. Google ilipoanzisha mtandao wa kijamii wa Google+ mwaka 2011, haikukosa mahali pa kuutangazia: ilikuwa na Gmail, na mwaka 2013 ilifikia kuwadai watu akaunti ya mtandao huo ili watoe maoni YouTube. Wengi walichukia, na Aprili 2019 mtandao huo ukafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Kuonekana kila mahali hakukuupa kazi ya kufanya.

Gharama nayo husahaulika na wanaobuni huduma wakiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini. Programu inayomaliza bando na kujaza nafasi ya simu itafutwa kabla ya picha za familia. Menyu ya namba za nyota na alama ya reli haina sura nzuri, lakini inafanya kazi kwenye simu ndogo ya kitochi bila bando, na huduma inayolenga kila mtu inapaswa kuanzia hapo.

Mwisho ni ujumbe mfupi, silaha inayotumiwa hovyo kuliko zote. Mteja anayepokea jumbe za bahati nasibu, milio ya simu na ofa za usiku huzifuta zote bila kusoma, pamoja na ule mmoja ambao ungemfaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chini ya sheria zote mbili, mteja anaweza kukataa taarifa zake kutumiwa kumtangazia biashara, na kampuni inalazimika kumsikiliza.