Kero za Bure na Kero za Kuuzwa: Gemu Unayoipenda Inakudai Nini?

Kila mtu anayecheza gemu ana ile sehemu moja anayoichukia ndani ya gemu anayoipenda. Pitia meza yoyote hapa ofisini kwetu na utasikia: levo fulani isiyopitika, misheni fulani ya kuendesha helikopta ndogo, mechi inayokwama dakika ya 89 wakati unaongoza. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeacha kucheza. Wanalaani, wanaweka simu chini, na baada ya dakika kumi wameishika tena.

Tumeamua kuandika kuhusu kero hizi kwa sababu zimebadilika. Zamani zilikuchosha tu. Siku hizi nyingine zina bei, na bei hiyo inatoka kwenye pochi ile ile ya simu unayolipia stima na karo.

Tuanze na zile za zamani, maana ni tamu kusimulia. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka 2004 kwa PlayStation 2, na miaka mingi baadaye bado ilikuwa inachezwa kwenye vibanda vya gemu mitaani, padi zikiwa zimefungwa selotepu. Kama uliwahi kuicheza, unaijua misheni ya treni. CJ anaendesha pikipiki, Big Smoke amekaa nyuma na bunduki, maadui wako juu ya treni. Kazi yako ni kuendesha tu. Kupiga risasi ni kazi ya Smoke, na Smoke anakosa. Anakosa, anakosa tena, treni inatokomea, halafu lawama zote anatupiwa dereva! Kisha unaanza misheni upya. Dawa yake, ambayo wengi waligundua baada ya kuteseka sana, ni kutoibana treni. Kaa mbali nayo kidogo upande wa kulia, Smoke apate pembe ya kulenga.

Kibandani kulikuwa na kero juu ya kero. PlayStation 2 haikuwa na mahali pa kuhifadhi mchezo ndani yake. Ulihitaji memori kadi, ya megabaiti 8. Kibanda kisicho na kadi, au chenye kadi iliyojaa michezo ya wengine, kilimaanisha kwamba kesho unarudi mwanzo kabisa, CJ juu ya baiskeli. Stima ikipotea, hadithi ni ile ile. Kuna watu wazima leo, wenye kazi na familia, ambao hawajawahi kuona mwisho wa gemu hiyo.

Mfano mwingine unatoka Japani. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo, 1998, huhesabiwa kati ya gemu bora zaidi kuwahi kutengenezwa. Lakini mtaje mchezaji wake yeyote lile Hekalu la Maji uone uso wake. Ndani yake unapandisha na kushusha kina cha maji ili kufikia milango, na ili kuzama chini lazima uvae viatu vya chuma. Kuelea tena, unavivua. Shida ni kwamba kila kuvaa na kila kuvua kulihitaji usimamishe gemu, ufungue ukurasa wa vifaa, uchague viatu, urudi. Mara kadhaa kwa kila chumba. Fumbo lenyewe halikuwa baya, ila ile fungua-funga ndiyo iliyowamaliza watu. Eiji Aonuma, aliyehusika na kubuni mahekalu hayo, ameshaomba radhi kwa sehemu hiyo. Gemu ilipotengenezwa upya kwa Nintendo 3DS mwaka 2011, viatu vilihamishwa vikawa vya kuvaliwa kwa mguso mmoja tu. Kero ilionekana, ikaombewa radhi, ikarekebishwa.

Na Flappy Bird je? Ndege mmoja, mabomba, kidole kimoja. Dong Nguyen wa Vietnam aliitoa 2013, ikalipuka mwanzoni mwa 2014, na Februari mwaka huo akaiondoa mwenyewe kwenye maduka ya programu, akisema watu wameizoea kupita kiasi. Ilikuwa na matangazo na ilimwingizia pesa nyingi. Lakini hakukuwa na kitufe cha kukuuzia njia ya kupita bomba. Ukifa, umekufa. Rudia.

Weka kitufe hicho akilini, maana hapo ndipo gemu za simu zilipogeuka.

Pale kero inapopata bei

Candy Crush Saga ilianza Facebook mwaka 2012 na kuingia kwenye simu kabla mwaka huo kuisha. Unapewa maisha 5. Ukishindwa levo, moja linaondoka, na kila moja huchukua dakika 30 kurudi. Ukimaliza yote matano, kuyapata tena yote kwa kungoja tu ni saa mbili na nusu. Kungoja huku hakukutokea kwa bahati mbaya kama viatu vya Zelda. Kumepangwa, na pembeni yake kuna duka. Unaweza kuwaomba marafiki maisha, unaweza kungoja, au unaweza kulipa. Vivyo hivyo ukibakiza peremende mbili na hatua zimekwisha, gemu inakuuliza kama ungependa hatua 5 zaidi. Swali linakuja wakati mzuri kweli, pale ambapo karibu umeshinda na hasira iko juu. (Wajanja walikuwa wakisogeza saa ya simu mbele ili maisha yarudi. Kisha wanashangaa kuamshwa saa kumi usiku na kengele.)

Clash of Clans, ya Supercell kutoka Finland, inafanya hivyo kwa saa za ujenzi. Mwanzoni jengo linasimama kwa sekunde chache na unajisikia fundi stadi. Ukiendelea, jengo moja linachukua siku kadhaa. Vito vinamaliza kazi papo hapo, na vito vinauzwa.

Kwa sababu hiyo tunazigawa kero mara mbili. Kuna kero ambayo mtengenezaji angependa isiwepo, na kuna ile ambayo ikiondoka mapato yanaondoka nayo. Ya kwanza husubiri sasisho. Ya pili haitarekebishwa kamwe, kwa sababu haijaharibika.

Tusieleweke vibaya. Gemu ya bure imetengenezwa na watu wanaolipwa mshahara, na mtu mzima anayetoa shilingi mia kwa kitu kilichomfurahisha wikendi nzima hajafanya ujinga. Tena sisi tunaishi kwa miamala, kwa hivyo ungetarajia tukwambie nunua tu. Tunachotaka ni ujue unanunua nini, na kwa jumla ya pesa ngapi.

Jumla ndiyo inayojificha. Tuseme kujaza maisha kunagharimu shilingi 65, na wewe hufanya hivyo mara tatu kwa wiki, ukiwa kwenye matatu. Hiyo ni 195 kwa wiki, ambayo haimshtui mtu. Kwa wiki 52 ni shilingi 10,140. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kutumia elfu kumi kwa peremende za kwenye kioo.

Halafu kuna sarafu za ndani. Bei hazitajwi kwa shilingi, zinatajwa kwa almasi, vito au pointi, na ubongo unaacha kuhesabu. Vifurushi navyo havilingani na bei za vitu. Kofia ni vito 150, lakini vinauzwa 100 kwa 100. Unanunua 200, unabaki na 50 ambavyo havitoshi kitu chochote, na vile 50 vinakukodolea macho mpaka ununue tena.

Mbaya zaidi, kwa maoni yetu, ni sanduku la bahati na gurudumu la kuzungusha. Hapa hununui kitu, unanunua nafasi ya kukipata. Gemu ikiandika kwamba nafasi ni asilimia 1, wengi huamini kwamba wakizungusha mara 100 lazima wapate. Hesabu haisemi hivyo. Watu 100 wakizungusha mara 100 kila mmoja, takriban 37 kati yao watatoka mikono mitupu. Kwa shilingi 20 kila mzunguko, kila mmoja wa hao 37 ametoa 2,000 na hana hata hiyo ngozi ya bunduki. Tangu Desemba 2017 Apple imezitaka programu zenye masanduku ya namna hii zionyeshe nafasi hizo kabla ya mtu kulipa. Zitafute, mara nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya alama ya kuuliza.

Serikali nyingine zimeliona hili. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya kulipia ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Marekani, mwaka 2014, Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa sababu ya manunuzi ya watoto. Tatizo lilikuwa dirisha la dakika 15: mzazi akishaweka nenosiri mara moja, mtoto angeweza kununua tena na tena bila kuulizwa. Mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji walioingizwa kwenye manunuzi wasiyoyakusudia, ikiwemo kwa kubofya kitufe kimoja kimakosa. Yaani hata kampuni za ukubwa huo ziliwekewa mstari kwenye swali dogo sana: je, aliyelipa alijua kwamba analipa?

Sasa, simu yako

Hilo dirisha la Apple liko karibu kuliko unavyodhani. Ukiunganisha njia ya kulipa na duka la programu, iwe ni pochi ya simu, kadi au kredo, simu inaikumbuka. Halafu mtoto anaomba simu "acheze kidogo tu".

Kwa wenye Android: fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitisho wa ununuzi, na uchague uulizwe kila mara. Usichague kila baada ya dakika 30. Dakika 30 ni nyingi mno mkononi mwa mtoto wa darasa la tatu. Na PIN ya pesa zako isiwe ile ile ya kufungulia simu. Watoto huitazama ya kufungulia simu mara ishirini kwa siku, wanaijua kuliko wewe.

Ikiwa pesa tayari zimeondoka, usingoje mwisho wa mwezi. Google hupokea ombi la kurudishiwa pesa kwa urahisi zaidi ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Huduma yetu kwa wateja inaweza kukuonyesha muamala ulivyokwenda, lakini mwenye uamuzi wa kukurudishia ni duka lililouza. Kwa hivyo anzia huko, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi.

Wachezaji wa Free Fire na gemu kama hizo, hili ni lenu. Yule anayekuahidi almasi nusu bei kwenye kundi la gumzo hana kiwanda cha almasi. Ama atapokea pesa na kupotea, ama atakuomba nenosiri la akaunti "akuwekee", na akaunti uliyoilea miaka mitatu itakuwa yake jioni hiyo. Kuna pia wanaojifanya ni sisi. Wanakupigia wakisema zawadi yako ya gemu imekwama, wataje tu PIN au namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe. Hatuombi PIN. Si kwa simu, si kwa ujumbe, si kwa sababu yoyote. Kata simu, hata kama anajua jina lako lote.

Kwa anayetaka kulipa bila kujiumiza, njia tunayoiona ikifanya kazi ni bajeti ya mkono. Mwanzoni mwa mwezi tenga kiasi, tuseme 200, kiweke kwenye akaunti ya duka, kisha ondoa njia ya kulipa iliyohifadhiwa. Zikiisha, zimeisha mpaka mwezi ujao. Kule kulazimika kuandika upya maelezo ya malipo ni kero pia, ila hii ya kwako mwenyewe, na inakupa dakika mbili za kupoa kabla hujanunua zile hatua 5.

Jambo la mwisho, kwa sababu tunaulizwa sana. Kufuta gemu kwenye simu hakufuti usajili wake. Kama ulijiunga na kifurushi cha kila wiki au kila mwezi, kitaendelea kukata pesa hata kama gemu haipo tena. Rudi Play Store, gusa picha yako, ingia sehemu ya malipo na usajili, ukomeshe hapo. Ukiwa humo, pitia orodha yote mpaka chini.